Kipimo na Kweli

Mji wa Tunduma huishi kwa vipimo. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupimwa uzito katika mizani ya Mpemba kabla ya kuufikia mpaka. Kahawa ya Mbozi hupimwa kwa kilo, mahindi kwa debe na gunia, vitenge kwa doti, na kwacha hupimwa kwa shilingi katika mikono ya wabadilishaji fedha. Kila mtu katika mji huo ajua thamani ya kipimo cha kweli na hasara ya kipimo cha uongo. Muuzaji akipunja debe, mnunuzi hulalamika; mizani ikisema kweli juu ya lori lililozidishiwa mzigo, mwenye lori hulalamika vile vile. Kipimo, basi, ni mtumishi asiyependwa na wote, wala siku zote, lakini haachishwi kazi. Mji usio na vipimo hauna biashara, na mtu asiye na kipimo hana njia ya kujua kama anakwenda mbele au anarudi nyuma.

Wala vipimo vyenyewe havikuumbwa kamili. Katika Ndolezi, wilayani Mbozi, kiko kimondo cha chuma kilichoanguka kutoka mbinguni zamani zisizokumbukwa na mtu, na ambacho habari zake ziliwafikia wataalamu karibu na mwaka 1930. Vitabu vya zamani vilikikisia kuwa na uzito wa tani 25, vingine vikasema 16, na maelezo yatolewayo nchini siku hizi aghalabu husema 12. Kimondo hakikukonda kwa tani 13. Kimekaa pale pale, kizito na kimya. Kilichobadilika ni kauli ya wapimaji. Jambo hili halina madhara kwa kimondo, kwani hakuna safari itegemeayo uzito wake. Lakini viko vyombo ambavyo kipimo chake kikikosea, kazi yote husimama, na lawama humwangukia asiye na hatia. Chombo kimoja cha namna hiyo ni injini ya gari la dizeli la siku hizi.

Magari mengi ya dizeli yapitayo katika barabara za mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, hayafanani tena na magari ya zamani katika namna ya kulishwa mafuta. Katika injini za zamani, pampu ilipeleka dizeli kwa kila nozeli kwa bomba lake na kwa zamu yake, na fundi mwenye sikio zuri aliweza kuutambua ugonjwa kwa kusikiliza tu. Kampuni ya Denso ya Japani ilitia mfumo mpya katika malori mwaka 1995, na gari dogo la Alfa Romeo 156 likautumia mwaka 1997. Tangu hapo desturi imegeuka. Sasa pampu husukuma dizeli katika bomba moja nene la chuma, ambalo mafundi huliita reli, na nozeli zote huchota humo. Kompyuta ya gari ndiyo iamuayo kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani.

Mkandamizo wa mafuta katika reli hiyo, au presha kama isemwavyo gereji, ni wa kutisha. Kizio chake huitwa bari, na bari moja ni karibu sawa na mkandamizo wa hewa ufukweni mwa bahari. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bari mbili na kitu. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, penye kina cha mita 1,470, maji hukandamiza kwa bari zipatazo 145. Lakini reli ya injini inguruma bila mzigo hushika bari 300 hivi, na gari likipanda mlima na shehena yake hufika bari 1,600 au zaidi, yaani mara kumi na moja ya mkandamizo wa kilindi cha ziwa lile.

Juu ya reli hiyo kumefungwa kitu kidogo kisichopita urefu wa kidole cha shahada. Hicho ndicho kipimo cha presha ya mafuta, na mitaani huitwa sensa ya reli. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha chuma ambacho hupindika kidogo sana mafuta yanapokisukuma, na kupindika huko hugeuzwa kuwa umeme. Aghalabu sensa huwa na waya tatu: wa kwanza huleta volti 5 kutoka katika kompyuta, wa pili ni wa hasi, na wa tatu hurudisha habari. Reli isipokuwa na presha, waya wa habari huonyesha karibu nusu volti. Presha ikiwa ya juu kabisa, huonyesha karibu volti nne na nusu. Katikati ya namba hizo mbili ndimo kompyuta isomamo hali yote ya mafuta. Haina jicho lingine. Ikiambiwa presha imezidi, huipunguza. Ikiambiwa imepungua, huiongeza. Na hufanya hivyo mara nyingi katika sekunde moja, bila kujua kama mjumbe wake ni mkweli au mwongo.

Tabia hii ya injini ilimgusa mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Tunduma. Alikuwa na pikapu ya dizeli aliyoinunua kuukuu kwa kushirikiana na mdogo wake, mwenye shamba la kahawa upande wa Mlowo. Katika msimu wa mavuno pikapu ilibeba kahawa. Katika miezi mingine ilibeba saruji, mahindi na vyombo vya watu wanaohama. Na usiku wowote, wa mvua au wa kiangazi, iliweza kuamshwa kumpeleka mgonjwa katika hospitali ya Vwawa. Mwalimu hakutoza nauli ya usiku. Kwa hati gari lilikuwa lake na ndugu yake, lakini kwa matumizi lilikuwa la mtaa mzima.

Mwezi wa Juni, baridi ya nyanda za juu ilipokuwa kali, gari likaanza kuugua. Asubuhi lilizungushwa na betri kwa muda mrefu pasipo kuwaka. Likiwaka, lilikwenda vema katika tambarare, lakini mlimani lilikosa nguvu kama mtu aliyefunga siku tatu, na taa ya injini ikang'aa manjano mbele ya dereva. Usiku mmoja lilizimika kati ya Mpemba na Vwawa likiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mama yule alichukuliwa na dereva wa lori aliyekuwa akirudi Dar es Salaam, akafika salama, akajifungua. Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Lakini tangu usiku ule kila hodi iliyopigwa baada ya saa nne ilimshtua moyo, kwa kuwa hakujua atawajibu nini waliosimama mlangoni.

Alilipeleka gari gereji. Huko hukumu ilitolewa upesi: pampu imechoka, haitoi presha, inunuliwe nyingine. Bei ya pampu ilipita mishahara yake ya miezi mitatu. Fedha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa akiba ya mahitaji ya binti yake, ambaye alikuwa akingoja kuingia kidato cha tano mwezi wa Julai. Mwalimu akawa kati ya mambo mawili, na kila moja lilikuwa wajibu: akiitoa akiba, binti angekwenda shule bila godoro, sare na vitabu, asipoitoa, mtaa ungebaki bila gari.

Jirani yake alikuwa mzee aliyestaafu ufundi wa malori. Mwalimu alimwendea jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia gari limekushinda."

"Mimi halijanishinda, mzee, limeushinda mfuko. Wanasema pampu imekufa."

"Nani kasema? Pampu yenyewe, au aliyetumwa kuisemea?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Mzee akaendelea: "Wewe, mwanangu, hufundisha watoto hesabu. Mtoto akikuletea jibu la kosa, humfukuzi darasani. Humwuliza amelipataje. Gari limeleta jibu. Haya, tuliulize limelipataje."

Kijana mmoja wa mtaa ule alikuwa na mashine ndogo ya kusomea kasoro, ile ichomekwayo katika tundu lililo chini ya usukani. Tundu hilo lilifanywa la lazima kwa magari madogo yauzwayo Marekani tangu mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata, hata leo fundi wa Tunduma aweza kusoma kasoro ya gari lililotengenezwa pande nyingine za dunia. Mashine ilitoa namba P0191. Maana ya namba hiyo ni kwamba habari ziletwazo na sensa ya presha hazipatani na matarajio ya kompyuta. Namba hiyo ina ndugu zake: P0190 huonyesha kasoro katika njia ya umeme ya sensa, P0192 umeme wa habari uliopungua mno, na P0193 umeme uliozidi mno. Hakuna hata moja katika hizo isemayo "badilisha sensa" wala "badilisha pampu". Kosa la watu wengi ni kuichukua namba kuwa hukumu, hali namba ni malalamiko tu yaliyofikishwa barazani, na ushahidi haujasikilizwa.

Ushahidi ulisikilizwa alfajiri. Gari lilikuwa limezimwa tangu jioni, na kwa saa zote hizo presha yoyote iliyokuwamo katika reli ilikwisha kushuka. Swichi ikafunguliwa bila kuwasha injini, na mashine ikaulizwa: katika reli mna bari ngapi? Kweli ilikuwa sifuri. Mashine ikajibu 225.

Hapo mzee alicheka, lakini hakukubali bado kuihukumu sensa. Habari hupita njiani, na njia nayo yaweza kuwa na mwizi. Plagi ya sensa ikachomolewa na kutazamwa kama ina kutu, maji au mguu uliopinda. Ilikuwa safi. Waya wa kuleta umeme ukapimwa kwa mita: volti 5 kamili. Waya wa hasi ukapimwa: mzima. Waya wa habari ukafuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ukatikiswa kila mahali ulipogusa chuma au pembe kali, nao haukuwa na mchubuko. Plagi iliporudishwa, waya wa habari ulionyesha volti moja, pahali ambapo ulipaswa kuonyesha nusu. Mwalimu akachukua kalamu. Sensa ya gari lile ilitengenezwa kupima hadi bari 1,800 katika nafasi ya volti nne; kwa hiyo kila volti ilisimama badala ya bari 450, na nusu volti ya uongo ilisimama badala ya bari 225. Hesabu ya kalamu na kauli ya mashine zikakutana.

Kutokana na namba hiyo moja, ugonjwa wote ulifahamika. Injini ya namna ile, ili iwake, hutaka presha ipatayo bari 250 kabla ya kuziruhusu nozeli kufunguka. Sensa iliposema 250, ukweli ulikuwa 25, na kwa presha hiyo nozeli hazina cha kunyunyiza. Mlimani kompyuta ilitaka bari 1,200. Sensa ikasema zimefika, nazo zilikuwa 975. Kompyuta ikaridhika, injini ikadhoofika, na aliyetazama kwa nje akasema pampu haitoi presha. Alisema kweli nusu. Presha ilikuwa haba, lakini pampu ilikuwa na nguvu zake zote. Iliamriwa tu isizitumie. Laiti ingalinunuliwa pampu mpya, nayo ingalitii amri ile ile, mlima ungalibaki kama ulivyokuwa, na akiba ya binti ingalikuwa imekwisha.

Dhuluma ya namna hii haimo katika magari peke yake. Mwalimu aliwahi kuona mtoto akiitwa mzito wa akili kwa sababu alama zake zilikuwa ndogo, na baadaye ikajulikana kwamba alikaa nyuma na hakuona ubao. Alama zilikuwa ndogo kweli, lakini akili haikuwa na kosa. Mfanyakazi huitwa mvivu kwa taarifa ya msimamizi asiyefika kazini. Kijiji huitwa cha wakaidi kwa barua ya mtu aliyepita humo mara moja, mchana, akiwa garini. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nao walisema vema, kwani mjumbe akiuawa habari hukoma. Lakini kutomwua mjumbe si sawa na kumwamini pasipo kumwuliza. Mjumbe mkweli hapati hasara kwa kuulizwa. Mjumbe mwongo ndiye hujulikana.

Mzee alitoa onyo la pili, nalo lilikuwa kinyume cha la kwanza. Sensa nyingi zitolewazo katika magari na kutupwa hazikuwa na kosa lolote. Zilisema presha imepungua, na kweli ilikuwa imepungua, kwa sababu chujio la dizeli lilikuwa limeziba, au maji yalikuwa yameingia katika tangi, au mafuta yenyewe yalikuwa yamechakachuliwa. Tanzania ilipata taabu kubwa ya dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kuyatia mafuta alama ya siri ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya ikome. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli ilainishavyo, na pampu ya presha kubwa hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma. Kwa hiyo mchanganyiko huo huila pampu polepole. Kwa sababu hiyo, ijapokuwa sensa ilikwisha kuthibitika kuwa ni mwongo, chujio nalo lilifunguliwa na kutazamwa. Lilikuwa jipya na kavu. Shahidi mmoja kuwa mwongo hakuthibitishi kwamba wengine wote ni wakweli.

Kilichofuata ni kununua. Namba iliyochapwa ubavuni mwa sensa ya zamani ilinakiliwa tarakimu kwa tarakimu, na dukani haikukubaliwa namba iliyofanana nayo kidogo. Sensa ya gari jingine yaweza kuingia katika tundu lile lile, hesi zikashikana na plagi ikalia vizuri, kumbe ilitengenezwa kupima bari 2,000 badala ya 1,800. Sensa kama hiyo husema uongo mpya, na uongo wa kitu kipya huaminiwa zaidi. Tena wako watengenezaji ambao hawaruhusu sensa kufunguliwa peke yake, bali hutaka reli nzima ibadilishwe. Kwa hiyo kitabu cha gari husomwa kwanza, na spana hushikwa baadaye. Kitabu cha pikapu ile kiliruhusu. Bei ya sensa haikufika sehemu ya kumi ya bei ya pampu.

Kazi ilifanyika nyuma ya nyumba, Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi tangu jana yake. Katika jambo hili palikuwa na mtego ambao mzee aliueleza taratibu. Kwa gari lenye sensa nzima, fundi hutazama mashine imwambie kwamba presha imeshuka ndipo afungue. Lakini hapa shahidi alikuwa yule yule mwongo, ambaye angesema 225 hata reli ikiwa tupu. Kwa hiyo walitegemea muda na si mashine, nao muda walioutoa ulikuwa usiku mzima.

"Mwanangu," mzee alisema, "bomba la reli halifunguliwi injini ikinguruma, hata kidogo, hata kwa kujaribu. Na mkono hautafuti mvujo."

Onyo hilo si la kutia chumvi. Dizeli itokayo katika tundu dogo kwa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huonekana kama la mwiba, na mwanzoni maumivu huweza kuwa machache. Lakini chini ya ngozi nyama huharibika, na wako waliopoteza vidole na mikono kwa kungoja kesho. Dawa yake ni hospitali saa ile ile, na kumweleza daktari kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha. Kwa magari ya petroli presha ni ndogo zaidi, lakini hatari ya moto ni kubwa zaidi. Huko mvuke wa petroli hutafuta cheche kama fisi atafutavyo mzoga.

Waya wa hasi wa betri ukatolewa. Pahali pote palipoizunguka sensa pakapigwa brashi, pakafutwa na kukaushwa, kwa maana mianya ya ndani ya nozeli hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na chembe moja ya vumbi la barabara ya Tunduma hutosha kuiharibu. Plagi ikachomolewa kwa kubonyeza kifungo chake, si kwa kuvuta waya. Soketi ndefu ikaingia, sensa ya zamani ikatoka na matone machache ya dizeli yaliyopokewa katika kopo, na tundu likafunikwa mara moja kwa kifuniko safi. Kikalio chake kikatazamwa kwa tochi kama kina mkwaruzo. Sensa mpya ikaanzishwa kwa vidole mpaka hesi zikashikana bila kulazimishwa. Kisha ikakazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, iliyoazimwa kwa siku moja, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu. Kijana mwenye mashine alitaka kuongeza kidogo kwa usalama. Mzee alimzuia. Sensa iliyolegea huvuja. Iliyokazwa kupita kiasi hupindika kiwambo chake, na kusema uongo tangu siku ya kwanza.

Betri iliporudishwa, swichi ikafunguliwa bila kuwasha. Mashine ikaulizwa swali lile lile la alfajiri, nayo ikajibu sifuri. Mwalimu aliitazama sifuri hiyo kwa furaha ambayo katika darasa lake hakupata kuiona kwa namba hiyo. Pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio ikabonyezwa mpaka ikawa ngumu, dalili kwamba upepo umetoka. Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza. Kipande cha boksi kikapitishwa karibu na sensa kutafuta mvujo, na mikono ikakaa mbali. Boksi likatoka kavu. Kumbukumbu ya kasoro ikafutwa. Kijana akaeleza kwamba ziko injini ambazo hudai pia kufundishwa sensa mpya kwa mashine kabla ya kukubali kufanya kazi vema, hii haikudai. Mchana huo pikapu ilikwenda Vwawa na kurudi ikiwa na magunia ya mchanga nyuma, na taa ya manjano haikuwaka. Presha iliyoombwa na presha iliyopatikana zilitembea pamoja katika kioo cha mashine.

Njiani mzee alisimulia habari za baba yake, aliyekuwa utingo katika barabara hiyo hiyo. Walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya mafuta ya Zambia ikakatika. Petroli na dizeli zikapelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika mapipa, juu ya barabara ya udongo iliyopita Iringa na Mbeya hata Tunduma. Malori mengi yalianguka, na madereva wakaiita barabara ile njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,710 mpaka Ndola, na mapipa yakapumzika. Bomba hilo lilisafirisha mafuta ghafi kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2023 limetumika kupeleka dizeli. Nalo pia, pamoja na ukubwa wake, hulindwa kwa vipimo vya presha: presha ikishuka ghafla, walinzi wake hujua kwamba huenda pahali fulani pametoboka, au pametobolewa. Kilomita 1,710 za chuma huaminishwa kwa vitu vidogo vinavyotakiwa kusema kweli.

Si kila mwenye gari anayefaa kuishika kazi hii nyumbani. Asiye na mita ya umeme, mashine ya kusomea, kitabu cha gari na subira ya usiku mmoja, heri ampelekee fundi. Na fundi mwema hastahili kudharauliwa kwa sababu ya fundi mwenye haraka. Lakini hata atakayempelekea fundi ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza: umejuaje? Swali hilo halimvunjii heshima mtu anayejua. Linamtaka aonyeshe njia aliyopitia, kama mwanafunzi aonyeshavyo hesabu yake. Mwenye kuuliza hivyo hulinda fedha yake, na hulinda pia jina la pampu, la mtoto na la jirani, wasihukumiwe kwa kauli ya shahidi mmoja ambaye hajaulizwa.

Binti wa mwalimu alikwenda shule mwezi wa Julai na godoro lake, sare zake na vitabu vyake. Sensa ya zamani haikutupwa. Mwalimu aliipeleka darasani, akaiweka mezani, akawaambia watoto kwamba kitu hiki kilisema 225 pahali pa sifuri, na kila aliyekisikiliza alifanya kazi yake kwa uaminifu na bado akakosea. Kisha akawataka waandike katika madaftari yao njia tatu za kukijua kipimo kilichoharibika.